Umemeza, Shemeji?

Walininyima wembe.

Kwa mtu asiyetoka kwetu hilo ni jambo dogo. Lakini kwetu, mume akishazikwa, watu wa boma lake hunyolewa nywele pamoja, na anayesubiriwa hasa ni mjane. Kunyolewa huko, tunakoita liedo, ndiko kunakosema mbele ya wote kwamba huyu alikuwa mke na huyu ni wetu. Asubuhi ile, kwao mume wangu, Luanda Kotieno huko Uyoma, kando ya ziwa, watu wa boma walikaa kwenye viti vya plastiki, viti vyangu mimi, wakanyolewa mmoja baada ya mwingine. Joram, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alitangulia. Wembe ukamkata juu ya sikio. Akafyonza meno, damu ikafutwa kwa kidole, na wembe uleule ukaenda kwenye kichwa cha mama yao, kisha kwa binamu, kisha kwa binamu mwingine. Zamu yangu ilipofika, Joram aliuchukua kwa mnyoaji, akaufunga kwenye kikaratasi chake.

"Huyu hapana," alisema. "Sisi hatunyoi wauaji."

Nikarudi Kisumu na nywele zangu zote kichwani. Kila mtu wa kwetu aliyeniona alijua maana yake.

Jina langu ni Achola. Mimi na mume wangu Oluoch tulikuwa tukikodisha tenti, viti na spika za matanga kutoka nyumba yetu ya Kaloleni. Yeye alibeba, mimi nilifunga nyaya. Nilijua spika gani inakoroma, na maikrofoni gani haipendi sauti ya mchungaji anayefoka. Siku moja Oluoch aliinua jenereta akaketi chini ghafla, na nilipomtazama usoni nikaona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya bizari. Mwezi uliofuata tumbo lake lilijaa maji kama la mjamzito wa miezi saba.

Daktari alimtoa damu, akampiga picha ya ini, kisha akatuketisha. Ilikuwa homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo vimekaa mwilini miaka mingi bila kusema neno, alisema, huenda tangu alipozaliwa, na ini sasa limejaa makovu. Ugonjwa huu huupati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kusalimiana naye. Unapita kwa damu, kwa kitandani, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Mimi nilipimwa nikawa sina, na muuguzi mmoja mnene mwenye mzaha, Nabututu, akaanza kunidunga chanjo siku hiyohiyo.

"Mume wako ana nyota," Nabututu aliniambia. "Bado hajachelewa kabisa."

Akapewa kopo jeupe la tembe. Moja kila siku, maisha yote. Haiui virusi, ila huvizuia visizaane, na ini linapumua. Oluoch alimeza. Maji ya tumbo yakapungua, macho yakarudi kuwa macho. Siku ya kwanza alipoinua spika tena, alinicheka kwa sababu nililia.

Ndipo Joram akaja.

Aliingia Kaloleni na suti yake ya kijivu, akakataa chai yangu, akamwambia mdogo wake kwamba tumbo la namna ile ni chira, laana. Mwiko umevunjwa, na aliyeuvunja ni huyu mwanamke asiyezaa. Chira haitibiwi kwa vidonge vya Wazungu. Chira hunywewa manyasi, dawa ya mizizi, nyumbani, mbele ya mama.

"Joram, anapona," nilisema. "Mtazame. Mtazame macho yake."

"Sijaongea na wewe. Naongea na damu yangu."

Oluoch alikuwa mtu wa kumtii kaka yake. Huo ulikuwa ubaya wake wa pekee. Alikwenda, na kopo akaenda nalo mfukoni. Baada ya siku chache alinipigia simu kutoka ufukweni, sauti yake imepungua.

"Joram amezitupa ziwani," alisema. "Amesema nikizimeza manyasi hayatafanya kazi." Kisha akajaribu kucheka. "Achola, samaki wa Uyoma hawataugua ini tena."

Nilifika na kopo jingine. Joram alinizuia langoni na vijana wa boma. Kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa, Oluoch alitapika damu akafa.

Siku ya mazishi Joram alishika maikrofoni. Nilikuwa nimekaa kando ya jeneza, mbali na swichi, nikisikiliza spika nilizozifunga kwa mikono yangu zikiniita mchawi. "Huyu mwanamke alitoa ugonjwa Kisumu akauleta katika boma hili! Ndugu yangu alikuwa mzima mpaka alipomwoa!" Mama mkwe, Nyar Alego, alipiga ukemi kuunga mkono. Baadaye walichukua tenti na viti, wakafunga kufuli nyumba yangu ya pale bomani. Spika waliniachia, kwa kuwa hakuna aliyejua kuziwasha bila mimi.

Basi nikakaa mwaka mzima Kaloleni nikitaka jambo moja. Sikutaka viti wala tenti. Nilitaka Joram aseme, kwa maikrofoni ileile, mbele ya watu walewale, nani alizitupa tembe za Oluoch. Niliamka nalo, nililala nalo. Nikiwa soko la Kibuye natafuta nyaya kuukuu, nilikuwa nikichagua maneno ya kumwambia.

Mchungaji wa kwao ndiye aliyenifungulia mlango, bila kujua.

"Achola, nyathina, mwanangu," alisema kwenye simu. "Jumamosi hii ni kumbukumbu ya marehemu. Spika zote za Uyoma zimekodishwa na matanga mengine. Najua ni vigumu..."

"Si vigumu, Mchungaji. Nitakuja. Ila nina sharti. Nitakuja na muuguzi, apime watu bure. Na apimie ndani ya nyumba yangu. Mwambieni Joram atoe kufuli."

Kisha nikaenda kliniki kumtafuta Nabututu. Alikuwa akipanga sindano, kofia imekaa upande.

"Boma zima?" aliuliza.

"Walinyolewa wote kwa wembe mmoja. Joram alitoka damu, akafuatiwa na mama yake, wakafuata binamu."

Aliacha sindano. "Wembe mmoja?"

"Mmoja."

"Na mama mmoja ndiye aliyewazaa, yeye na Oluoch." Aliketi. "Watoto wadogo wa boma huenda wamekingwa, wamechanjwa kliniki. Lakini hao watu wazima hakuna aliyewachanja. Tungekuwa tumekwenda zamani, Achola. Mbona hukusema?"

"Ndiyo nasema sasa."

"Nikuulize. Unanipeleka kutibu watu ama kupiga watu?"

"Vyote viwili."

"Mimi ni wa kutibu tu. Majibu ya mtu sitamwambia mwingine. Hata wewe. Hata ukipiga magoti."

"Sikuombi unong'one kitu. Wewe njoo na sindano zako."

Jumamosi jua lilikuwa kali na ziwa limetulia kama mafuta. Niliwakuta wameshatandaza tenti, tenti zangu, zikiwa na viraka nilivyovishona mwenyewe. Hakuna aliyenipa mkono. Nilifunga spika, nikaweka mashine ya sauti juu ya meza, nikakaa nyuma yake. Safari hii swichi zilikuwa chini ya vidole vyangu.

Joram alitoa kufuli bila kunitazama. Nabututu akaingia na boksi lake. Lakini hakuna mtu aliyemfuata. Walimpita kama mtu anayeuza kitu wasichokitaka.

Sala zikaisha. Joram akasimama, suti ileile ya kijivu, akapokea maikrofoni. Mkewe Debra alikuwa kiti cha mbele akijipepea kwa kitambaa. Nyar Alego alikuwa kando yake, mikono juu ya fimbo.

"Mwaka jana," Joram alianza, "tulimzika kijana aliyeuawa. Na leo aliyemuua ameketi hapa, amekuja na spika—"

Nikateremsha kidole. Sauti yake ikakatika, akabaki akifumba na kufumbua mdomo kama samaki ngege aliyetupwa mchangani. Watu wa nyuma wakacheka kabla hawajajizuia. Nikachukua maikrofoni yangu.

"Shemeji," nilisema, na spika zikanibeba mpaka ufukweni, "umesema mimi ndiye niliyeleta ugonjwa. Vizuri. Ugonjwa huu una kipimo. Tone moja la damu ya kidole, kisha dakika chache. Mimi nitapimwa wa kwanza, nikiwa nao, nitajiita muuaji kwa mdomo wangu. Baada yangu uingie wewe. Ama unaogopa sindano?"

"Yawa!" mzee mmoja alisema. "Huyu mwanamke!"

"Joram anaogopa?" sauti nyingine ikauliza. "Si alikuwa simba jana?"

Niliwasha maikrofoni yake. Nilijua atafanya nini, kwa kuwa Joram hajawahi kushika maikrofoni akaitumia vizuri.

"Mimi niogope?" alinguruma. "Nipimwe hata mara kumi! Na majibu yangu nitayasoma hapahapa, kwa mdomo huu, mbele ya Mungu na watu!"

"Mmesikia," nikasema.

Nilipimwa. Nilikuwa sina, kama nilivyojua, na nikalisema kwenye spika. Kisha Joram akaingia, na alipoingia yeye hakuna aliyetaka kuonekana mwoga. Foleni ikaanza mlangoni pangu mpaka kwenye banda la kuku: mama yake, Debra, binamu, majirani waliokuwa hapo kula tu. Walitoka mmoja mmoja wamebana pamba kwenye ncha ya kidole, wengine wakicheka, wakionyeshana.

Joram alikawia. Alipotoka alikuwa amevua koti, amelining'iniza begani kwa namna isiyo yake, na mkono wa kushoto ameukunja kabisa, kiganja karibu kugusa bega. Hakubana pamba kidoleni. Aliibana kwenye kiwiko.

Niliujua mkunjo ule. Oluoch alitoka maabara hivyo kila mara, mkono umekunjwa kama anabeba mtoto. Ukiwa huna, unatolewa tone la kidole, unakwenda zako. Ukiwa nao ndipo wanakutoa damu nyingine, ya mshipa, wajue ini lako limefikia wapi. Nabututu hakuniambia kitu. Hakuhitaji.

Moyo wangu ulifurahi. Nitasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ulifurahi kwa furaha nyeusi niliyokuwa nimeiweka mwaka mzima.

Alichukua maikrofoni kwa mkono wa kulia.

"Watu wa kwetu," alisema. "Mmeniona nikiingia. Mimi ni mzi—"

Nikateremsha kidole.

"Spika! Spika imekufa!" watu wakalalamika.

"Ni waya," nikasema kwa sauti, nikaondoka mezani, nikamwendea kana kwamba nakwenda kurekebisha kitu. Niliinama miguuni pake nikashika waya wake. Tulikuwa karibu, na hakuna aliyetusikia.

"Kunjua mkono, shemeji."

Hakukunjua. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye kovu dogo la juu ya sikio.

"Sema uongo wako ukitaka," nilimwambia taratibu. "Nikirudi mezani nitakuwashia, useme wewe ni mzima, na mimi sitakupinga. Nitanyamaza. Nitarudi Kaloleni nikae, ningoje. Macho yako yatageuka manjano kwanza. Kisha tumbo. Debra atakuwa anakuvalisha shati pana la Oluoch, la wakati wa tumbo lake, kwa kuwa yako hayatafunga vifungo. Mwishowe utatapika damu ndani ya beseni, na utaniita jina kama alivyoniita yeye. Na siku ya kukuzika, shemeji, nitaleta spika zangu bure. Zote. Nitazifungulia mpaka mwisho."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, Joram aliongea na mimi bila kupaza sauti.

"Achola. Tembe zile... zile za Oluoch. Bado zinapatikana?"

"Zilezile. Kopo lilelile jeupe."

"Na mtu akimeza..."

"Wewe bado hujavimba. Oluoch alikuwa amevimba na alikuwa anapona. Uliona. Ulikaa nyumbani kwangu ukaona anapona." Nilisimama. "Waambie kwanza. Ukimaliza kuwaambia, muuguzi yuko ndani."

Nikarudi mezani. Nikainua kidole. Spika zikavuma kidogo, zikanyooka.

Nilimwona Joram akitazama langoni, kisha ziwani, kisha kwa mama yake.

"Ninao," Joram alisema.

Debra aliacha kujipepea.

"Ninao ule ugonjwa. Na Achola hana." Akameza mate, na spika zikatoa ile sauti ya koo mpaka kwenye kivuko. "Oluoch alikuwa na dawa. Ilikuwa inamsaidia. Mimi nilimleta hapa, na ile dawa mimi ndiye... Niliitupa ziwani. Mimi. Achola alipoleta nyingine nilimfungia lango. Hakumuua. Huyu hakumuua."

Hakuna aliyepiga makofi wala kupiga ukemi. Mzee yule aliyesema yawa alivua kofia yake akaitazama ndani. Debra alisimama, akamwendea mumewe, nikadhani atamkumbatia, lakini alichofanya ni kumnyang'anya maikrofoni akairudisha mezani kwangu.

"Zima," aliniambia. "Ameongea ya kutosha maisha yake yote."

Nilikuwa nakunja nyaya Nyar Alego aliponijia, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili umekunjwa. Naye pia. Alisimama karibu na meza.

"Yule muuguzi," alisema, "ameniuliza nilijifungulia wapi wanangu. Kwa nini ameniuliza hivyo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililibeba mwaka mzima kama kisu kwenye kikapu. Kwa usiku mwingi nililinoa: wewe ndiye uliyempa mwanao alipokuwa anatoka tumboni mwako, wewe uliyepiga ukemi mimi nilipoitwa muuaji. Sasa ameniletea shingo mwenyewe.

"Muulize muuguzi, mama," nikasema.

Sikumwonea huruma. Sijui kama nitawahi. Ila neno lile lingetoka kinywani mwangu likiwa na sauti ya Joram, na nilikuwa nimeichoka sauti ya Joram.

Alitikisa kichwa polepole. "Rudi kesho," alisema. "Tutakunyoa. Mbele ya watu. Nitakushikia kiti mimi mwenyewe."

"Wembe wenu utupeni chooni. Nywele zangu zitabaki. Na nyumba hiyo msiifunge tena, nimeacha muuguzi ndani."

Walifika kliniki Kisumu wiki iliyofuata, Joram na mama yake, Debra na binamu mmoja. Binamu huyo, wa pili kunyolewa siku ile, naye alikuwa amepatikana na ugonjwa, haijulikani ni kwa wembe ule au tangu zamani. Ini la mama lilikuwa limetulia. Yeye atakuwa akipimwa mara kwa mara, bila tembe kwa sasa. Binamu aliambiwa arudi apimwe tena. Debra hakuwa nao, akadungwa chanjo ya kwanza. Ini la Joram lilikuwa limeanza kuharibika. Nabututu alimwekea kopo jeupe mezani.

"Moja kila siku," alimwambia. "Usiruke. Usiache kwa kuwa umejisikia nafuu. Pombe basi, na mizizi ya mtu yeyote basi. Sasa niambie, nani atakukumbusha? Kila mgonjwa wangu ana mtu wa kumkumbusha."

Joram akamtazama mkewe.

"Mimi," nikasema kutoka mlangoni.

Nabututu aliinua macho. "Achola, mimi ni wa kutibu tu, nilikwambia."

"Si ndiyo haya matibabu?"

Debra alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi. "Mwache yeye. Mimi Joram atanidanganya. Huyu hawezi."

Kwa hiyo kila asubuhi, chai yangu ikiwa bado haijachemka, napiga simu Luanda Kotieno. Hatusalimiani.

"Umemeza, shemeji?"

"Nimemeza."

"Sijasikia maji."

Namsikia akivuta kikombe. Namsikia akinywa, koo lake likipanda na kushuka, tembe ileile aliyowapa samaki ikishuka mahali pake. Kisha namwambia maneno mawili matatu, asubuhi zote ni yaleyale: Oluoch naye alitaka kumeza. Halafu nakata.

Juzi, kabla sijakata, aliniwahi. Sauti yake sasa ina nguvu. Debra anasema amenenepa, anabeba mashine ya boti peke yake.

"Achola," alisema. "Nimekubali kila kitu. Nilisema mbele ya watu. Utaacha lini kunipigia?"

Nilisogeza sufuria motoni.

"Si muuguzi alikwambia?" nikamjibu. "Ni za maisha yote."